Taa Iliyowaka Wiki Tano

Mama anayefagia ofisi ile ndiye aliyeiona kwanza. Ofisi yenyewe ni ya kutoa mizigo bandarini, nayo iko orofa ya kwanza ya nyumba kongwe katika Mji wa Kale wa Mombasa, hatua chache kutoka Ndia Kuu, nyumba ya kuta nene za mawe na dari ya boriti. Chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo, kina kabati la chuma lenye seva. Kila asubuhi mama yule alipopitisha ufagio mbele ya kabati alikuta vitaa vimejipanga kama shanga, vyote kijani. Siku moja akakuta kimoja kimegeuka rangi ya chungwa. Akamwambia karani, na karani akanipigia simu.

Nilimjibu karani kwamba hakuna neno. Nilimweleza kuwa mfumo umeundwa ustahimili diski moja kufa, na kwamba ningepita wiki ijayo. Wiki ijayo sikupita. Taa ile iliwaka wiki tano.

Nayasimulia haya kwa sababu mifumo ya aina ile haiko tena kwa mabenki na mashirika makubwa peke yake. Siku hizi naikuta katika zahanati, shule na ofisi za watu wanne watano, na wanaoifunga ni mafundi kama mimi, wenye bidii na nia njema. Nia njema nilikuwa nayo, na data ya watu ikapotea mikononi mwangu.

Kwanza nieleze kitu chenyewe. Zamani kila seva ilikuwa na diski zake tumboni. Ya hesabu ikijaa, imejaa. Ya barua pepe ilikaa pembeni yake na nafasi tele isiyomfaa mtu. Hifadhi pepe huondoa mipaka hiyo. Diski zote hukusanywa katika masanduku yake, masanduku yakaungwa na seva kwa swichi na kebo, halafu programu moja ikakaa juu ya vyote na kuzionyesha seva ghala moja kubwa. Katika ghala hilo unakata diski pepe ya ukubwa uutakao. Unaweza kuipanua seva ikiendelea na kazi, au kuihamisha kutoka sanduku hili hadi lile na mtumiaji asijue kitu. Ni ufundi mzuri, na bado naufunga na kuupendekeza kwa watu.

Lakini programu inayokuficha mipaka ya diski hukuficha pia hali ya kila diski. Karani akifungua kompyuta anaona folda yake, na folda haigeuki rangi ya chungwa. Diski moja ikifa, nyingine hubeba mzigo wake kimya kimya na kazi inaendelea. Ule utulivu unaotufanya tuipende mifumo hii ndio uliotufanya tusahau kwamba kuna kitu kimekufa ndani yake.

Masanduku ya ofisi ile yalikuwa mawili, kila moja na diski sita. Kila sanduku lingeweza kupoteza diski moja likaendelea. Ya pili ikifa kabla ya ile ya kwanza kubadilishwa na kujazwa upya, data ya sanduku zima imekwenda. Wakati wa kufunga, palikuwa na uamuzi wa kufanya. Ningeweza kuyafanya masanduku yale yawe kama mtu na kivuli chake, kila kitu kiandikwe pande zote mbili, ila nafasi ingebaki nusu. Au ningeweza kuyaunga yawe ghala moja refu, data ikatandazwa juu ya yote mawili. Mzee mwenye ofisi aliniuliza lipi bora. Nikamwambia la pili, kwa kuwa alikuwa amelipia nafasi nami nilitaka aione nafasi aliyoilipia. Maana ya uamuzi ule sikumfafanulia: sanduku moja likianguka, linaangusha na lile lililo zima.

Taa haikuwa dalili pekee. Mfumo wenyewe ulikuwa ukituma barua pepe kila siku kueleza kwamba diski ya nne ya sanduku la kwanza imekufa. Barua hizo zilikwenda kwa kijana aliyenisaidia siku ya kufunga, ambaye alikuwa ameshahama kazi miezi mingi nyuma. Anwani yake niliiweka mimi, kwa haraka, siku ile ya kwanza, nikidhani nitaibadilisha baadaye. Nilipokuja kulifungua sanduku lake la barua nilikuta onyo lile lile limerudiwa na kurudiwa, kila moja na saa yake.

Dalili nyingine ilitoka kwa makarani. Walilalamika kwamba asubuhi faili hufunguka polepole. Niliwaambia huenda ni intaneti. Kumbe diski zilizobaki zilikuwa zikipiga hesabu za kuijaza nafasi ya mwenzao kila mtu alipoomba faili iliyokuwa na kipande chake pale. Mtumiaji akisema mashine imechoka, ndugu yangu fundi, usimpe jibu kabla hujaitazama mashine. Yeye hajui jina la ugonjwa, lakini ndiye anayekaa nayo kutwa.

Na kulikuwa na hewa ya bahari. Anayeishi kisiwani anajua chumvi inavyofanya kwa bawaba na baiskeli. Chumba kile cha nyuma kilikuwa na dirisha la mbao ambalo halikufunga sawasawa, na mashine ya kupoza hewa ilizimwa jioni ili kuokoa stima. Baadaye nilipochomoa kebo moja ya nyuma ya sanduku nilikuta meno ya shaba yameota ukungu wa kijani, laini kama poda, ukabaki kwenye kidole changu nilipougusa. Mashine imekaa mwaka na ushei ikipumua hewa ya Bandari ya Kale, na sikuwahi hata mara moja kuichungulia mgongoni.

Ikaja Jumamosi moja stima ikapotea usiku mtaa mzima. Betri ya akiba ilishikilia kwa muda, kisha kila kitu kikazima. Stima iliporudi alfajiri, masanduku yakawaka. Diski iliyozunguka bila kupumzika tangu siku ya kwanza ina tabia moja ambayo mafundi wengi wameiona: ikizimwa ikapoa, kuna siku haiwaki tena. Ndivyo ilivyokuwa. Diski ya pili ya sanduku la kwanza haikuamka. Ilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, katika boksi moja, na ilikuwa imefanya kazi saa zile zile katika joto lile lile. Sanduku la kwanza likaanguka, na ghala zima likaanguka nalo. Sanduku la pili lilikuwa zima kabisa, taa zote kijani, na halikuwa na faida yoyote.

Mzee alifika saa mbili asubuhi, kanzu yake imenyooka, bakora mkononi. Alisimama mlangoni mwa chumba kile akatazama kabati muda mrefu kabla ya kusema.

“Mwanangu, ulinambia diski moja ikifa hapana neno.”

“Ndiyo, mzee. Nilisema.”

“Na hii taa yawaka tangu lini?”

Nikamwambia. Hakunikaripia. Aliuliza tu, “Na ile bekapu?”

Hapo ndipo palipokuwa na kosa kubwa kuliko yote. Bekapu ilikuwapo. Ilifanyika kila usiku, na ripoti yake ilisema imefaulu. Lakini seva iliyoipokea nayo ilikuwa seva pepe, na diski yake pepe niliikata katika ghala lile lile, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Nakala na asili zililala kitanda kimoja, na kitanda kilipovunjika zilianguka pamoja.

Kilichopona ni kidogo. Mhasibu wao, mama makini sana, alikuwa na desturi ya kunakili vitabu vya hesabu katika diski ndogo ya mkononi kila mwisho wa mwezi na kwenda nayo nyumbani. Hakuna aliyemwagiza, wala mimi sikujua. Hesabu zikarudi, zikipungua wiki tatu. Maingizo ya forodha yenyewe yalikuwa salama katika mifumo ya serikali. Lakini barua za wateja, hati za shehena zilizopigwa skani, ankara na makubaliano ya bei vilikuwa humo ghalani. Makarani walikaa siku nyingi wakifukua faili za karatasi na kuandika upya. Na bandari haimngoji mtu: siku za bure za kontena zikiisha, gharama huanza kuhesabiwa, awe mwenye mzigo amepata karatasi zake au hajapata. Wateja wawili walihamia kwingine, na mmoja alikuwa amefanya kazi na ofisi ile tangu enzi za babake mzee.

Nilipokuwa nikilikagua kabati siku zile niligundua jambo jingine ambalo halikusababisha msiba ule lakini lilikuwa likingoja kuleta msiba wake. Niliwahi kujisifu kwa mzee kwamba kila seva ina njia mbili za kufika ghalani, swichi mbili na kebo mbili, moja ikikatika nyingine inabeba. Kweli zilikuwa mbili. Nikafuata waya za umeme kwa mkono, nyuma ya kabati hadi sakafuni, nikakuta swichi zote mbili zimechomekwa katika eksitensheni moja, na eksitensheni hiyo katika soketi moja ya ukutani.

Watu wa pwani tulishafundishwa somo hilo hadharani. Mwezi Juni 2009, Rais Kibaki alipofika Fort Jesus kuupokea mkongo wa TEAMS, uliovutwa chini ya bahari kutoka Fujairah, tulishangilia kwa haki. Mwezi uliofuata SEACOM ikaanza kazi, na mwaka 2010 ikaja EASSy. Tukaona njia ni nyingi, intaneti haitakatika tena. Februari 2012 nyaya tatu zikakatika katika Bahari Nyekundu, EASSy ikiwa mojawapo, na mawasiliano mengi ya Afrika Mashariki yakahamishiwa TEAMS. Siku chache baadaye, Jumamosi tarehe 25 Februari, meli iliyokuwa ikisubiri zamu ya kuingia bandari ya Mombasa ikatia nanga mahali palipokatazwa, na nanga ile ikaukata mkongo wa TEAMS. Intaneti ikawa nzito nchi kadhaa, na matengenezo yalikadiriwa kuchukua hadi wiki tatu. Tulizihesabu nyaya kwa majina yake, na wengi wetu hatukutazama ramani kuona ni ngapi kati yake zinapita mlango mmoja wa bahari kwenda Ulaya, wala zamu ya kubeba mzigo wote itamwangukia nani.

Nimejifunza kuuliza swali hilo kwa kila kitu ninachokifunga. Sihesabu vifaa, nafuata njia kwa kidole mpaka mwisho wake. Umeme unatoka wapi? Hewa ya baridi inatoka wapi? Funguo za chumba ziko kwa nani? Mara nyingi utakuta vitu viwili vinakutana mahali pamoja ambapo mchoro haukuonyesha.

Kuna kisa kikubwa kuliko cha ofisi yetu ambacho nimekisoma zaidi ya mara moja, na kila nikikisoma najiona ndani yake. Tarehe 12 Desemba 2016 mtandao wa hifadhi wa Ofisi ya Kodi ya Australia ulianguka. Hii ni taasisi ya taifa tajiri, yenye wataalamu, mkataba na kampuni kubwa ya vifaa, na mashine mpya iliyofungwa mwaka mmoja tu nyuma. Huduma zake za mtandaoni zilisimama kwa siku kadhaa. Ripoti yao wenyewe, iliyotolewa Juni 2017, ilieleza kwamba kati ya Mei na Novemba 2016 mashine ile ilikuwa imerekodi maonyo 159, na kwamba matukio yasiyopungua 77 yanayohusu sehemu zile zile zilizokuja kuanguka yalikuwa yameandikwa katika daftari lao la hitilafu. Baadhi ya kebo zilibadilishwa, lakini chanzo hakikufuatwa. Kebo za faiba hazikuwa zimefungwa inavyostahili. Mfumo ulipangwa ukipendelea kasi kuliko ustahimilivu. Na baadhi ya zana za kuurejesha mfumo baada ya ajali zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya mfumo ule ule ulioanguka.

Nilipofika sentensi hiyo ya mwisho niliweka karatasi chini. Wao walikuwa na mamilioni ya walipa kodi, mimi nilikuwa na makarani sita, na kosa letu ni moja.

Kisa chao hakikuishia hapo. Tarehe 2 Februari 2017, katika kazi ya kubadilisha zile kebo mbovu, kadi za data zililegezwa mahali pake na mfumo ukaanguka mara ya pili. Miezi michache nyuma, Oktoba 2016, chuo cha King's College London kilipatwa na jambo la jamaa moja: kifaa kimoja cha hifadhi kiliharibika, na katika matengenezo yaliyopaswa kuwa ya kawaida mfumo mzima ukaanguka, ndipo ikaonekana kwamba si kila kitu kilikuwa na bekapu. Saa ya kutengeneza ni saa ya hatari. Mimi sasa sigusi diski iliyokufa kabla ya kuhakikisha kwamba kuna nakala nje ya jengo na kwamba nakala hiyo inafunguka. Kuijaza diski mpya huchukua saa nyingi, wakati mwingine siku na zaidi, na katika muda huo diski nyingine, zenye umri ule ule, husomwa mfululizo kuliko zilivyowahi kusomwa. Nakusihi, fundi mwenzangu, usianze kazi hiyo Ijumaa adhuhuri ukiwa na haraka ya kuondoka.

Ofisi ile haikunifukuza, jambo ambalo hadi leo nalishukuru. Nililipia diski mpya kutoka mfukoni mwangu. Masanduku sasa yanaandika mara mbili, na mzee ameridhia nusu ya nafasi. Moja limehamia chumba cha mbele na lina njia yake ya umeme na betri yake. Bekapu inakwenda kwenye kifaa kisichojua lolote kuhusu ghala, na nakala moja hutoka nje ya kisiwa kila juma. Maonyo yanakuja kwa simu za watu wawili, mmoja wao si mimi. Dirisha lile la mbao limezibwa. Na mama anayefagia amepewa namba yangu, anipigie yeye mwenyewe bila kupitia kwa mtu.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunafanya zoezi. Tunajifanya ghala limekufa, tunachukua kompyuta moja ya mkononi, na mzee anachagua faili yoyote ya mwezi uliopita. Kazi yangu ni kuileta mbele yake kutoka kwenye nakala. Anakaa na kikombe chake cha kahawa chungu akitazama saa ya ukutani.

Zoezi la kwanza lilifaulu, la pili pia. La tatu lilikwama. Nakala ilikuwapo, kifaa kilikuwa kizima, ila nakala ilifungwa kwa nywila, na nywila nilikuwa nimeiandika katika hati iliyohifadhiwa vizuri kabisa ndani ya ghala. Nilikaa nikiitazama kompyuta. Mzee akauliza kuna nini, nikamweleza bila kuficha.

Aliweka kikombe chini, akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi na kalamu ya wino.

“Iandike hapa,” akasema. “Uniandikie herufi kubwa, macho yangu si kama zamani.”

Niliiwasha tena seva, nikaisoma ile hati, nikaiandika nywila herufi moja moja. Aliisoma kwa sauti ya chini mara mbili akiilinganisha na ile hati, akanisahihishia herufi niliyoiruka, kisha akaikunja akaondoka nayo nyumbani, kwenye sanduku analowekea hati ya nyumba.